Mlango wa Yai

Mpwapwa,
6 Februari 1955

Mke wangu Bertilla,

Salamu utazikuta mwishoni, maana nikianza nazo nitachoka kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Juzi nimeona uhai ukianza. Nimeuona kwa macho yangu mawili, au tuseme kwa moja, kwa sababu kile kioo cha kukuzia vitu wanachokiita hadubini hutazamwa kwa jicho moja.

Mwalimu wetu hapa chuo cha mifugo alitutuma bwawani, nyuma ya josho la ng'ombe, tukakamate vyura. Wenzangu wa pwani waliona kinyaa. Mimi mtoto wa kijiji cha Kate niliingia mpaka magotini. Mwalimu akamkamua chura jike, yakatoka mayai madogo, nusu meusi nusu meupe, kama punje ya ulezi iliyochovywa kwenye masizi. Akayagawa katika mabakuli mawili. Bakuli la kwanza akalitia maji yenye mbegu za dume, la pili maji matupu. Akasema tukae, tutazame, tusiseme.

Ya bakuli la pili hayakufanya lolote. Ya bakuli la kwanza, Bertilla, yaligeuka! Yalijipindua polepole, moja baada ya jingine, upande mweusi ukawa juu, kama watu waliosikia wanaitwa. Kabla ya chakula cha mchana kila moja lilikuwa limekatwa mfereji katikati, likawa vipande viwili, halafu vinne, halafu sikuweza kuhesabu tena. Mwalimu anasema mbegu moja ikigusa ngozi ya yai, kuna kitu kinakimbia kutoka pale palipoguswa mpaka upande wa pili, na yai zima linaamka. Nilimwuliza kitu hicho ni nini. Akasema wakubwa wa elimu huko Ulaya bado wanabishana, wengine wanadhani ni chokaa, ileile iliyomo mifupani mwetu, inayofunguliwa ndani ya yai. Papo hapo ngozi inainuka, na mbegu nyingine zilizochelewa zinagonga tu hazipiti. Mlango umefungwa.

Nilikuwaza wewe mpaka mwenzangu akaniuliza kama naumwa. Tangu tufunge ndoa tumelia, tumesali novena, umekunywa mizizi ya kila bibi wa Ufipa. Huenda hatukuelewa tu. Huenda mayai yako yamelala, na kilicholala huamshwa. Vumilia mpaka likizo ya Agosti.

Baba yupo, ukipungukiwa mwambie. Nimemwandikia amtume mdogo wangu Alfonsi aje atengeneze paa kabla mvua kubwa hazijakukuta na sufuria kitandani.

Sasa salamu: hujambo?

Mumeo,
Zenon

*

Kate,
13 Machi 1955

Mume wangu Zenon,

Sijambo, asante kwa kunikumbuka mwishoni baada ya vyura.

Shule imekuharibu adabu. Mtu anaandika kurasa nzima za chura na mama yake mzazi hajamsalimu. Nimemwambia umesema shikamoo mama, tena umesema mara mbili. Uongo huo nitauungama Pasaka. Na namshukuru Mungu kwamba masista walinifundisha kusoma. Barua ile ingesomwa na katekista Adriano mbele ya baba mkwe, kama anavyowasomea wengine wote hapa, mimi ningehamia Kongo.

Nina habari nami, haina hadubini lakini isikilize. Unamkumbuka kuku wangu wa madoa? Jogoo alichukuliwa na kicheche mara baada ya Noeli. Kuku akataga hivyo hivyo, akaatamia. Nilimwonea huruma kumwondoa. Akakaa mpaka manyoya ya kifuani yakamtoka, hali vizuri, hanywi vizuri, ukimsogelea anakudonoa. Mwisho nikayavunja yale mayai. Yote viza. Harufu yake ilitufukuza uani. Mama yako akasema, "Kuku wa Bertilla kama Bertilla," na watu wakacheka. Nilicheka nao, kisha nikaenda nyuma ya kihenge nikalia mpaka nikachoka.

Kwa hiyo nataka umwulize mwalimu wako swali langu. Umeandika kwamba mayai yangu yamelala. Kuku wangu hakulala, Zenon. Alikosa jogoo. Je, yai lile la bakuli la pili lililala au lilikuwa linangoja? Kwako ni maneno tu. Kwangu mimi si mamoja. Aliyelala ana kosa la uvivu, anayengoja hana kosa.

Msimu huu pia, wakati wa kupanda ulezi, nilipewa ndoo ya maji niwanyweshe wapandaji. Mkono usio na mtoto haushiki mbegu, ndivyo wanavyosema katika nyumba hii, na kwetu Milanzi pia husema hivyo, ila kwa sauti ya chini. Wenzangu wote wameshaitwa mama fulani na mama fulani. Mimi ni Bertilla tu, kama siku niliyobatizwa.

Alfonsi amekuja kwa ajili ya paa. Anaezeka kidogo, anakula sana.

Mkeo,
Bertilla

*

Mpwapwa,
17 Aprili 1955

Mke wangu, wakili wangu,

Shikamoo mama, shikamoo baba. Umeridhika?

Nilimwuliza mwalimu swali lako, akauliza ni nani kaniuliza. Nikasema ni mke wangu, anafuga kuku. Akasema wewe ndiye ungepaswa kuwa darasani.

Linangoja. Halijalala hata kidogo. Yai linafanya kazi yake lenyewe mpaka karibu na mwisho, halafu linasimama, kama mpishi aliyekwisha bandika maji, unga uko ungoni, mwiko mkononi, anamsubiri mtu mmoja aingie ndipo asonge. Chakula cha mtoto kimo ndani. Kila kitu kimo. Asipofika wa kuliamsha, haupiti muda linaoza pamoja na maandalizi yake yote. Kwa hiyo nafuta neno langu. Nisamehe.

Tulijaribu pia kuyadanganya. Unachukua sindano nyembamba, unaichovya kwenye damu, unalichoma yai ambalo halijafikiwa na mbegu. Lipo linaloamka! Linadhani mgeni amefika. Linafunga mlango, linaanza kujigawa. Lakini karibu yote tuliyochoma yalikufa, na machache yaliyoendelea yalijigawa ovyo, kisha yakafa nayo. Mwalimu anasema wapo viluwiluwi wasio na baba waliowahi kupatikana, lakini wengi wao hawafiki mbali. Nilipoyamwaga nilijisikia vibaya kana kwamba nimemwita mtu usiku kwa jina lake halafu nikakaa kimya.

Wiki ijayo tunaanza mbegu za mafahali. Mwalimu anasema mfugaji akikosa ndama humlaumu jike, humwuza jike, hununua jike jingine, na fahali yuleyule anabaki zizini akinenepa. Tulicheka sana. Nitakuandikia nitakayoyaona.

Agosti si mbali.

Mumeo,
Zenon

*

Kate,
12 Juni 1955

Mume wangu,

Lori la Bwana Lukmani limekuja kutoka Sumbawanga na kurudi, likaja tena likarudi, na sasa dereva wake akiniona natokea misheni anaanza kutikisa kichwa kabla sijamfikia. Sina barua yako tangu ile ya sindano. Unaumwa? Umefukuzwa? Hao mafahali wamekupiga pembe? Niandikie hata mstari mmoja.

Njoo Agosti kama ulivyosema. Usikose, Zenon. Kuna jambo ambalo halifai kwenye karatasi, linataka watu wawili wakae karibu na moto. Si ugonjwa wala si msiba, usiogope. Njoo tu.

Na mwandikie baba kwamba paa limekwisha. Limekwisha tangu Pasaka, halivuji hata tone. Alfonsi hana kazi tena kwangu lakini bado anatumwa, na anakuja jua linapozama. Mwambie baba kwa maneno yako mwenyewe, maana yangu hayasikilizwi. Mimi jioni nauchukua mchi wa mama, nauegemeza mlangoni kwa ndani. Usinicheke.

Nimeambiwa kwamba ulipokuwa shuleni uliugua matubwitubwi, ukaletwa nyumbani umefungwa blanketi, huwezi kutembea. Hukuwahi kunisimulia. Pole, mume wangu, ingawa ni ya zamani. Ningekuwepo ningekupikia uji.

Nakuambia pia, ili ujue, kwamba mimi sina haraka ya mtoto. Tukizeeka wawili tutazeeka wawili.

Mkeo,
Bertilla

*

Mpwapwa,
24 Julai 1955

Mpendwa Bertilla,

Natumaini hujambo. Mimi sijambo. Wasalimie wote.

Agosti sitaweza kuja. Kuna maradhi ya ng'ombe upande wa huku na tumeambiwa wanafunzi wabaki. Labda Desemba.

Uliuliza habari za mafahali. Yupo mmoja tuliyempenda sote, mweusi, shingo nene, akitembea utadhani ardhi ni yake. Watu walikuwa wanatoka mbali kumwona. Tulipoiweka mbegu yake chini ya kioo hakikutikisika kitu. Ya wengine inachemka kama siafu walioguswa. Yake ilikuwa imetulia kama maji ya kuoshea mchele. Kwa nje fahali kamili. Wiki ileile aliuzwa kwa mchinjaji, na wenzangu walimtania njia nzima mpaka getini.

Siku ile wenzangu walikwenda kula, mimi nikabaki peke yangu chumbani kuosha vioo. Tangu hapo sisikii njaa sana.

Nimeuliza tena habari za mayai. Yapo mengine ambayo hayaamki hata mbegu ikifika. Mayai mabovu tu, hakuna wa kulaumiwa. Nadhani ni vizuri ulijue hilo.

Mambo ya paa na nani anakuja lini, zungumza na baba. Mchi urudishe kwa mama, watu wasije wakaanza kusema.

Zenon

*

Kate,
11 Septemba 1955

Kwa mwanangu Zenon,

Mimi baba yako Tadei nasema, na katekista Adriano anaandika. Sisi ni wazima, mama yako anakohoa lakini anatembea.

Mwanangu, nyumba yako haina amani. Mkeo amekuwa mgumu. Tulikaa naye kwa upole, tukamweleza mambo ya ukoo, hakutaka kusikia. Kati yake na mdogo wako Alfonsi kuna jambo limeharibika. Majirani wamemwona Alfonsi mlangoni kwake jioni, na sasa maneno yamezagaa mpaka kisimani. Ua mmoja hauwezi kuwabeba wote wawili. Alfonsi ni damu yangu, siwezi kumfukuza. Mengine siwezi kuyasema mbele ya kalamu ya mtu, wewe ni mtu mzima, utaelewa.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Tunataka ruhusa yako mkeo arudishwe kwao Milanzi. Kanisa litanuna, na lenyewe halijui maana ya mji usio na mtoto. Yupo binti wa watu wema, Margareth, tumekwisha mwona.

Jibu upesi.

Mimi Adriano niliyeandika nakusalimu. Maneno ni ya mzee.

*

Mpwapwa,
2 Oktoba 1955

Bertilla,

Baba ameniandikia. Kwa hiyo lile jambo la watu wawili karibu na moto ndilo hilo. Na mchi, na paa lisilokwisha, na "sina haraka ya mtoto." Ulinizungusha vizuri. Nami huku mjinga nakuulizia maswali yako kwa mwalimu.

Sasa nami nikuambie langu, ili usihangaike kubuni. Siku ile ya fahali mweusi, wenzangu walipokwenda kula, niliifunga milango nikajitazama mimi mwenyewe chini ya kile kioo. Hakuna kitu, Bertilla. Nilisafisha kioo nikatazama tena, nikarudia siku nyingine. Maji ya mchele. Hakuna hata kimoja kinachotikisika, wala hakikuwahi kutikisika, ndoa yetu yote. Nimeishi na hilo miezi hii sina wa kumwambia, nacheka na wenzangu mchana na kutamani kufa jioni.

Kwa hiyo ukipata mtoto nitajua kabisa si wangu. Umempata aliye hai, hongera. Mdogo wangu! Niliyemlipia ada ya shule.

Rudi Milanzi. Nimempa baba ruhusa. Barua hii ichome.

Zenon

*

Milanzi,
13 Novemba 1955

Zenon,

Nimefika kwetu. Alfonsi ndiye aliyebeba sanduku langu mpaka kwenye lori la Bwana Lukmani. Alikuwa analia. Ni kijana mwoga tu, usimchukie, hata yeye hakuwa na mlango wa kukimbilia.

Nilidhani jambo hili nitakuambia kwa mdomo, mkono wangu ukiwa juu ya wako. Sasa naliandika, na sijui utakuwa umekaa na nani ukilisoma.

Wakati wa Kwaresima, kabla barua yako ya sindano haijafika, baba yako aliniita nyuma ya kihenge. Akaniambia matubwitubwi yale ya shuleni yalikushuka chini, ukavimba, na wazee wakasema palepale kwamba mtoto huyu amekauka. Walijua kabla hujaniposa. Walijua siku wanaleta posa kwa baba yangu. Walijua wakati mama yako ananipa ile mizizi ya kutapisha, na alipomcheka kuku wangu mbele ya watu. Akasema hakuna ubaya, mtoto ni wa ukoo, Alfonsi ni damu ileile, wewe hutajua na ukijua utashukuru. Nikasema hapana. Ndipo akaniambia kwamba mficha uchi hazai. Nikamjibu kwamba mimi sifichi, mimi nimevaa.

Tangu siku ile Alfonsi akawa anatumwa kwangu jioni, paa likawa kisingizio. Alisimama nje akigonga kwa haya, nami ndani nimeegemeza mchi, nimekaa chini mgongo ukiwa mlangoni. Hakuingia hata mara moja. Ndiyo yaliyoharibika kati yangu na Alfonsi. Adriano alinieleza aliyoandikishwa: baba yako hakukuandikia uongo, aliona haya mbele ya Adriano akaukata ukweli vipande, nawe ukaviunganisha kwa jinsi ulivyotaka.

Unasema umekaa na siri miezi hii huna wa kumwambia. Mimi nilikuwa nayo hiyohiyo, kabla yako. Nilikuwa najua, Zenon. Niliposema sina haraka ya mtoto nilikuwa nakuambia kwamba najua na kwamba sitoki. Niliogopa kuiandika wazi kwa sababu uko mbali, nikaona habari kama hiyo inaweza kumwua mtu asiye na wa kumshika. Na wewe ulipojua uliniandikia kwamba mayai yangu ni mabovu. Ulikaa chini ukalitunga hilo, ukalitia sahihi. Hilo ndilo ninaloshindwa kulala nalo. Hasira yako naielewa. Lile la mayai mabovu, hapana.

Nakuomba kitu kimoja, na sitakuomba kingine. Ukija Desemba, lori linapita Milanzi kabla ya kufika Kate. Shuka. Simama uani kwa kaka yangu Beda, mbele yake na mbele ya mama yangu, useme, "Si Bertilla, ni mimi." Usimtaje baba yako wala Alfonsi. Basi. Nikishasafishwa jina hapa kwetu nitaweza kuishi. Nitashika mbegu kama watu wengine. Siku hizi za kupanda nimekaa na ndoo, na Beda ananikwepa macho kwa sababu ananipenda na hajui la kunitetea.

Ukisema hivyo nitarudi nawe Kate siku hiyohiyo, hata kwa miguu.

Bertilla

*

Kate,
21 Oktoba 1956

Bertilla,

Najua nilivyochelewa. Nimeandika barua hii mara nyingi nikaichana.

Desemba ile nilikuja. Lori lilisimama Milanzi kushusha chumvi. Niliuona mti wa Beda, niliona moshi wa jikoni kwenu, nikawa nimeshika bomba la lori, mguu mmoja uko nje. Watu walikuwa wengi, na mmoja alinitambua akaniuliza, "Zenon, mtoto lini?" Nikaurudisha mguu ndani. Sina maelezo mengine. Nikitafuta sababu nyingine napata ileile.

Kate nilimkuta Margareth amekwisha letwa. Nilikaa naye mwezi ule wa likizo, nikarudi Mpwapwa. Nimemaliza masomo, sasa mimi ndiye Bwana Mifugo wa huku, nina kofia na baiskeli. Wiki iliyopita Margareth amejifungua mtoto wa kiume. Wamempa jina la baba.

Ana masikio ya Alfonsi.

Walimleta mikononi mwangu mbele ya watu, mama anapiga vigelegele, wazee wananipa mkono. Hongera, Baba Tadei. Hongera, dume! Nilisema asante. Nilisikia sauti yangu ikisema asante kwa kila mmoja. Alfonsi alikuwa amesimama karibu na kihenge hainui uso. Margareth sijamwuliza kitu, naye hajaniambia kitu, tunaishi kwa adabu kubwa kama wageni waliolala nyumba moja. Padri amenizuia komunyo, na watu wanasema ni halali yangu kuteseka kidogo maadamu nimepata mtoto.

Jana nilikwenda zizini kwa mzee mmoja anayelalamika kwamba ng'ombe wake hawashiki mimba. Alikuwa anataka kuwauza majike. Nikamweleza mbele ya majirani wote kwamba asiwaguse, kosa si la jike, ni fahali huyu, muondoe. Nilisema kwa sauti kubwa. Walinisikiliza kwa heshima. Narudi na baiskeli yangu ndipo nikashindwa kuendesha, nikakaa kando ya njia kwenye majani.

Bertilla, niambie la kufanya. Ukiniambia niseme sasa, nitasema. Nitakuja Milanzi Jumapili watu wakitoka misa.

Zenon

*

Milanzi,
18 Novemba 1956

Zenon,

Habari za mtoto zilifika hapa kabla ya barua yako. Dereva wa Bwana Lukmani alizileta pamoja na sabuni. Beda alizisikia dukani. Mwaka mzima alikuwa ameanza kunitetea mwenyewe, alikuwa anasema kwa watu, "Nani anajua kosa liko upande gani?" Siku ile alirudi akakaa nami jikoni, akasema kwa upole sana, "Dada, basi tuyakubali mapenzi ya Mungu." Afadhali angenipiga.

Barua yako ile ya hasira nilikuwa nayo. Ulitaka niichome, lakini niliiweka. Imeandikwa kwa mkono wako, ulijitazama mara ngapi na uliona nini. Niliitoa kwenye sanduku, nikasimama nayo mlangoni, Beda yuko uani ananoa jembe. Hatua chache tu. Nikamfikiria yule mtoto. Akishafahamu maneno, kisimani kutakuwa na mtu wa kumwambia baba yako si baba yako. Nawe utakuwa umeaibika, na Margareth, ambaye huenda hakuulizwa kama mimi nilivyoulizwa, ataitwa jina lile ulilotaka kuniita mimi. Mwaka jana ukweli ungekuumiza wewe peke yako kidogo na kuniponya mimi. Sasa unamwua mtoto mchanga. Umeuacha ukaoza, kama yale mayai ya bakuli la pili.

Nimeiwashia moto barua ile, nikampikia mama uji.

Usije Jumapili. Usiseme. Mlee mtoto, mpende, hana kosa, hata yeye hakujiita duniani. Mwambie Alfonsi mimi simdai kitu. Na wewe usiniandikie tena, maana kila barua yako nikiiona bado moyo unaruka kwanza kabla haujakumbuka, na nimechoka na kuruka huko.

Uliniambia kwamba yai likishaguswa na mbegu iliyo hai hufunga mlango, wengine wote wabaki nje, ili kilichoanza ndani kisiharibiwe. Nilipenda sana maneno hayo. Nilikuwa nayasema moyoni jioni zile, mgongo wangu ukiwa kwenye mchi wa mama yako na Alfonsi akigonga nje. Nilifunga, Zenon. Nilifunga vizuri kuliko chura. Ila mimi nilifunga na ndani hakukuwa kumeanza kitu.

Mvua zimenyesha tangu juzi. Kesho Beda anapanda ulezi. Ameniwekea ndoo kando ya mlango, ameiosha mwenyewe.

Bertilla